Sofia Kovalevskaya: Aliyeolewa ili apate kusoma hisabati

MWANAFUNZI yeyote wa shahada ya uzamili au ya uzamivu anayechagua kusomea solitoni, yale mawimbi ya ajabu yasiyosambaratika hata yanapogongana, hukutana mapema na jina la mwanamke mmoja wa Kirusi. Hulikuta katika kanuni za mwanzo za milinganyo ya mabadiliko, hulikuta tena katika sura inayohusu miili inayozunguka, na hulikuta mara ya tatu katika kipimo kinachosaidia kubaini kama mlinganyo mgumu una jawabu kamili au hauna.

Jina hilo ni Sofia Kovalevskaya, aliyezaliwa mwaka 1850 na kufariki dunia mwaka 1891 akiwa na umri wa miaka 41 tu. Ndiye mwanamke wa kwanza katika Ulaya ya zama hizi kutunukiwa shahada ya uzamivu ya hisabati, na miaka 15 baadaye akawa profesa wa kudumu katika chuo cha Stockholm, Sweden.

Hata hivyo, kufika huko hakukutegemea akili peke yake. Ili aruhusiwe kusoma ilimbidi aolewe kwa ndoa ya makubaliano, aihame nchi yake, afundishwe nje ya kuta za chuo kilichomkataa, na mwishoni aishi ugenini kwa sababu nchi iliyomzaa haikuwa na kazi ya kumpa.

Ukuta wenye hesabu

Sofia alizaliwa mjini Moscow Januari 15, 1850, akiwa mtoto wa pili wa Jenerali Vasily Korvin-Krukovsky, ofisa wa kikosi cha mizinga. Mama yake, Yelizaveta Schubert, alitoka katika ukoo wa wasomi. Babu wa mama huyo alikuwa mnajimu wa nyota aliyefanya kazi katika Chuo cha Sayansi cha St Petersburg.

Baba alipostaafu jeshi, familia ilihamia katika shamba lao la Palibino, katika jimbo la Vitebsk. Nyumba ilikuwa kubwa, na karatasi za kupamba kuta ziliisha kabla chumba kimoja cha watoto hakijakamilika. Badala ya kuagiza nyingine kutoka mjini, chumba hicho kilibandikwa karatasi kuukuu zilizokuwa zimehifadhiwa stoo.

Karatasi hizo zilikuwa mihadhara ya kalkulasi ya Profesa Mikhail Ostrogradsky, ambayo jenerali aliinunua enzi za ujana wake. Mtoto Sofia alisimama mbele ya ukuta huo saa nyingi, akijaribu kutambua ukurasa upi unafuata upi. Hakuelewa kitu, lakini maumbo ya alama zile yalibaki kichwani mwake, na miaka kadhaa baadaye mwalimu wake alishangaa kuona dhana ngumu za somo hilo zikimwingia kana kwamba alikwisha kuzijua.

Mjomba wa familia, Pyotr Korvin-Krukovsky, kaka wa baba yake, naye alichangia. Mzee huyo hakuwa mwanahisabati, ila alipenda kumsimulia binti wa kaka yake habari za mistari inayokaribiana na mpindo milele bila kuufikia. Simulizi hizo zilimfanya Sofia aichukulie hisabati kama elimu yenye siri inayofungua dunia nyingine.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, jirani yao, Profesa Nikolai Tyrtov, aliiletea familia kitabu cha fizikia alichokiandika. Sofia alikwama katika sura ya mwanga kwa kuwa hakuwa amefundishwa trigonometria. Alikaa peke yake, akaichora duara, akaanza kubuni maana ya alama asizozijua mpaka akazipata kwa njia iliyofanana na ile ambayo wataalamu wenyewe waliifuata kihistoria.

Tyrtov alipogundua jambo hilo alimwendea jenerali na kumsihi amtafutie binti huyo mwalimu. Baba alisita kwa muda, kwani kwa watu wa tabaka lake msichana msomi alikuwa aibu zaidi kuliko fahari. Hatimaye alikubali, na Sofia akaanza kusoma kalkulasi mjini St Petersburg chini ya Alexander Strannoliubsky.

Ndoa ya makubaliano

Kikwazo kikubwa kilikuwa mbele. Vyuo vikuu vya Urusi havikupokea wanawake. Kwenda nje ya nchi kulihitaji hati ya kusafiria, na mwanamke hakupewa hati hiyo bila idhini ya baba au ya mume. Jenerali Korvin-Krukovsky hakuwa tayari kuitoa.

Katika miaka ya 1860 vijana wengi wa Kirusi waliotamani mabadiliko walikuwa wamebuni njia ya kukwepa sheria hiyo. Msichana aliolewa na kijana aliyekubaliana naye mapema kwamba ndoa ni ya karatasi tu. Baada ya harusi mume alimpa mkewe idhini ya kusafiri, na kila mmoja akashika njia yake.

Dada mkubwa wa Sofia, Anyuta, ndiye aliyetafuta kwanza mume wa aina hiyo. Anyuta alikuwa mwandishi aliyekwisha kuchapisha hadithi katika jarida la mwandishi mashuhuri Fyodor Dostoevsky, ambaye alimposa naye akamkataa. Mtu aliyepatikana kwa ajili ya mpango huo alikuwa Vladimir Kovalevsky, mchapishaji kijana aliyetafsiri kazi za Charles Darwin kwa Kirusi.

Vladimir alipowaona madada hao wawili alikubali kusaidia, lakini akasema atamwoa mdogo. Harusi ilifanyika Septemba 1868, Sofia akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka uliofuata walivuka mpaka kuelekea Ujerumani.

Mjini Heidelberg, Sofia aliruhusiwa kuhudhuria mihadhara kwa sharti kwamba kila profesa akubali kwa hiari yake. Alisikiliza masomo ya Hermann von Helmholtz, Gustav Kirchhoff na Leo Königsberger. Huyo wa mwisho alikuwa mwanafunzi wa Karl Weierstrass wa Berlin, aliyehesabiwa na wengi kuwa bingwa wa hisabati wa zama zake. Sofia aliamua kumfuata bingwa mwenyewe.

Mwalimu wa siku za Jumapili

Sofia aliwasili Berlin mwaka 1870. Weierstrass, aliyekuwa na umri wa miaka 55, hakumkatalia wala hakumkubali. Alimpa maswali aliyokuwa amewatungia wanafunzi wake wa ngazi ya juu, akamwambia ayarudishe baada ya wiki moja. Majibu yaliporudi yalikuwa sahihi, na baadhi yalikuwa na njia mpya.

Profesa huyo aliuomba uongozi wa chuo umruhusu mwanafunzi huyo aingie darasani. Ombi lilikataliwa. Ndipo Weierstrass alipoamua kumfundisha mwenyewe, bila malipo. Kwa miaka minne Sofia alikwenda nyumbani kwake kila Jumapili, naye profesa alimtembelea siku nyingine moja katika wiki, akimrudia yale aliyoyafundisha chuoni.

Maisha ya Berlin yalikuwa ya upweke. Sofia aliishi na rafiki yake, Julia Lermontova, aliyesomea kemia, katika vyumba duni, wakila ovyo na kulala kidogo. Aliacha kazi hiyo kwa muda mwaka 1871 tu, alipokwenda Paris iliyokuwa mikononi mwa wanamapinduzi wa Komuni ili kuwa pamoja na dada yake Anyuta, na huko akasaidia kuhudumia majeruhi.

Ilipofika mwaka 1874 alikuwa amekamilisha tasnifu tatu. Ya kwanza ilihusu milinganyo ya mabadiliko yenye vigeu vingi, ya pili ilihusu aina fulani ya hesabu za kalkulasi zilizopewa jina la Mnorway Niels Henrik Abel, na ya tatu ilihusu umbo la pete za sayari ya Zohali. Weierstrass aliona kwamba kila moja peke yake ilitosha kumpatia shahada.

Chuo Kikuu cha Göttingen kilikubali kumtunuku bila kumwita kwa mtihani wa ana kwa ana. Agosti 1874 alipata shahada ya uzamivu kwa daraja la juu kabisa. Lermontova naye alipata ya kemia katika chuo hichohicho mwaka huohuo.

Tasnifu ile ya kwanza ndiyo inayofundishwa mpaka leo. Mfaransa Augustin Cauchy alikuwa ameshughulikia sehemu ya suala hilo kabla yake. Sofia alilipanua na kulinyoosha. Alieleza ni wakati gani mlinganyo wa aina hiyo, ukipewa hali ya kuanzia, huwa na jawabu, na jawabu hilo huwa moja tu. Aidha, alionyesha kwa mfano wa mlinganyo wa kusambaa kwa joto kwamba sharti likikiukwa jawabu hilo halipatikani, jambo ambalo hata mwalimu wake hakulitarajia.

Miaka sita bila kalamu

Akiwa na shahada hiyo mkononi, Sofia alirejea Urusi kutafuta kazi. Kazi pekee aliyoweza kupewa ilikuwa kuwafundisha hesabu za kujumlisha na kutoa wasichana wa madarasa ya chini. Mwaka 1878 yalipoanzishwa mjini St Petersburg masomo ya juu kwa wanawake, mambo aliyoyapigania, hakupewa nafasi ya kufundisha.

Aliiacha hisabati. Barua za Weierstrass zilikaa muda mrefu bila kujibiwa. Ndoa ya karatasi ilikuwa imegeuka ndoa halisi, na Oktoba 1878 alizaliwa mtoto wao wa kike, aliyeitwa Sofia kama mama yake na kupewa jina la utani la Fufa. Mke aliandika makala za sayansi na uhakiki wa tamthilia magazetini, ilhali mume, aliyekwisha kujijengea sifa kama mtafiti wa visukuku vya wanyama wa kale, alijitosa katika biashara ya majumba kwa fedha za mkopo. Biashara ilifilisika.

Kilichomrudisha katika fani yake kilikuwa mwaliko wa mwanahisabati Pafnuty Chebyshev, aliyemwomba mwaka 1880 atoe mada katika mkutano wa wanasayansi wa Kirusi. Sofia alitoa kabatini tasnifu yake iliyokuwa haijachapishwa kwa miaka sita, akaitafsiri kwa Kirusi usiku kucha na kuisoma mkutanoni. Ilionekana kana kwamba imeandikwa wiki ile, kwa maana hakuna aliyekuwa ameipita.

Katika ukumbi huo alikuwemo Gösta Mittag-Leffler wa Sweden, naye mwanafunzi wa zamani wa Weierstrass. Tangu siku hiyo alianza kumtafutia kazi. Wakati huohuo Sofia aliomba kufanya mtihani wa uzamili mjini Moscow ili apate haki ya kufundisha nchini mwake, na ombi hilo likakataliwa.

Alirudi Ulaya ya magharibi kuendelea na utafiti. Vladimir alibaki nyuma, akaingia katika kampuni ya mafuta iliyokumbwa na kashfa, na akazidi kuzama katika huzuni. Aprili 1883 alijiua kwa kuvuta dawa ya usingizi.

Habari zilimfikia Sofia akiwa Paris. Alijifungia chumbani na kukataa kula kwa siku kadhaa mpaka akapoteza fahamu, na daktari akalazimika kumlisha kwa nguvu. Alipozinduka aliomba kalamu ya risasi na karatasi, akaanza kupiga hesabu.

Stockholm yafungua mlango

Chuo cha Stockholm kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1878 kwa michango ya watu binafsi, nacho kilikuwa huru kufanya yale ambayo vyuo vikongwe havikuthubutu. Mittag-Leffler alifanikiwa kukishawishi kimpokee Sofia kama mhadhiri asiye na mshahara, ambaye malipo yake yangetoka kwa wanafunzi wenyewe. Kwa msomi mwenye mke au mume wa kumtunza hilo lingekuwa jambo jepesi. Kwa mjane mwenye mtoto ilikuwa kujitosa majini. Ujane huohuo, hata hivyo, ndio uliomrahisishia kukubalika, kwa kuwa jamii ilimwona mjane kuwa na haki zaidi ya kujitafutia riziki kuliko mke aliyetengana na mumewe.

Alifika Novemba 1883 na kuanza kufundisha mwanzoni mwa mwaka uliofuata, kwanza kwa Kijerumani na baadaye kwa Kiswidi. Gazeti moja lilimpokea kama binti mfalme wa sayansi. Mwandishi August Strindberg kwa upande wake aliandika kupinga vikali, akidai kwamba profesa mwanamke wa hisabati ni kioja kisichofaa.

Katikati ya mwaka 1884 alipandishwa kuwa profesa kwa mkataba wa miaka mitano, akawa pia mmoja wa wahariri wa jarida la Acta Mathematica. Wambea wa mjini walimsema kwa kumwacha bintiye Urusi katika miaka ya mwanzo, jambo ambalo maprofesa wanaume waliosafiri kikazi hawakuulizwa.

Si kila alichokigusa kilinyooka. Kazi yake kuhusu kupinda kwa mwanga ndani ya fuwele, iliyochapishwa mwaka 1885, ilikuwa na kosa ambalo Mtaliano Vito Volterra alilibaini mwaka 1891, baada ya yeye kufariki.

Pia ya Kovalevskaya

Kazi iliyompa umaarufu mkubwa ilihusu jambo ambalo kila mtoto aliyecheza uwanjani analijua: mzunguko wa pia. Kwa lugha ya wataalamu, ni mwili mgumu wenye uzito unaozunguka huku nukta yake moja ikiwa imeshikiliwa pasipo kuhama.

Milinganyo ya mzunguko huo ilijulikana tangu karne ya 18. Tatizo lilikuwa kuitatua. Milinganyo hiyo si ya mstari, maana yake ni kwamba ukiongeza msukumo maradufu huwezi kutarajia matokeo nayo yaongezeke maradufu tu. Mara nyingi milinganyo ya namna hiyo haina jawabu linaloweza kuandikwa. Pia huyumbayumba kwa namna isiyotabirika.

Mpaka wakati huo hali mbili tu ndizo zilizokuwa zimetatuliwa. Leonhard Euler alitatua ile ya mwili ulioshikiliwa palepale penye kitovu cha uzito wake, hivyo uzito hauna athari. Joseph-Louis Lagrange alitatua ile ya pia ya kawaida, yenye umbo la ulinganifu na uzito uliokaa juu ya mhimili wake. Kwa takriban miaka 100 baada ya Lagrange hakuna aliyepata ya tatu, kiasi kwamba wanahisabati wa Ujerumani walilibatiza suala hilo jina la nguva wa hisabati, kwa jinsi lilivyowavuta watu na kuwaangusha.

Sofia aliligeuza swali. Hakuuliza jawabu ni lipi. Aliuliza ni pia za aina gani zinazoweza kuwa na jawabu lenye tabia njema. Alichukua muda si kama saa ya ukutani bali kama namba changamano, kisha akachunguza mahali ambapo jawabu linapaa bila kikomo. Alidai kwamba hata mahali hapo jawabu lipae kwa utaratibu unaojulikana, bila kujigawa wala kuchanganyika.

Sharti hilo lilizichuja pia zote. Zilibaki zile za Euler na Lagrange, na nyingine moja ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria: pia yenye uzito ulioelemea pembeni, ambayo ukaidi wake wa kuzungushwa katika mihimili miwili ni sawa, nao ni mara mbili ya ule wa mhimili wa tatu. Katika pia hiyo alipata kiasi cha nne kisichobadilika wakati wa mzunguko, na hicho kilitosha kuufungua mlinganyo wote mpaka mwisho.

Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilikuwa kimetangaza tuzo ya Bordin kwa atakayeliendeleza suala hilo. Kazi 15 ziliwasilishwa bila majina, kila moja ikiwa na maneno ya utambulisho na jina la mwandishi katika bahasha iliyofungwa. Majaji walichagua moja, na kwa jinsi walivyoithamini walipandisha zawadi kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Bahasha ilipofunguliwa, mshindi alikuwa mwanamke. Alikabidhiwa tuzo mjini Paris Desemba 24, 1888.

Mwaka 1889 chuo cha Stockholm kilimfanya profesa wa kudumu. Novemba mwaka huo Chuo cha Sayansi cha Urusi kilibadilisha kanuni zake ili kumchagua mwanachama mwandishi, wa kwanza mwanamke. Heshima hiyo haikuambatana na ajira, na alipozuru St Petersburg mwaka 1890 hakuruhusiwa kukaa katika vikao vya wanachama wenzake.

Wapo walionong'ona kwamba kazi zake zilikuwa za Weierstrass. Lakini njia ya kuichuja pia ilikuwa yake, na mwalimu wake hakuwahi kudai vinginevyo.

Kifo cha ghafla

Umaarufu ulimkuta akiwa amechoka. Dada yake Anyuta alifariki mwaka 1887. Uhusiano wake na Maxim Kovalevsky, mwanasheria na mwanasosholojia aliyetoka katika ukoo wa mbali wa marehemu mumewe, uliyumba kati ya mapenzi na kazi, kwa kuwa hakuwa tayari kuacha uprofesa. Katika miaka hiyo aliandika pia kumbukumbu za utoto wake, zilizotoka kwa Kiswidi mwaka 1889 na kwa Kirusi mwaka 1890, na kushirikiana na Anne Charlotte Leffler kutunga tamthilia.

Mwanzoni mwa mwaka 1891 alikuwa akirejea kutoka mapumziko ya kusini mwa Ulaya. Ili kuepuka ndui iliyosemekana kuwapo Copenhagen alibadili njia, akahangaika na mizigo katika baridi na mvua, na akafika Stockholm akiwa mgonjwa. Hata hivyo aliingia darasani. Siku chache baadaye, Februari 10, 1891, alifariki kwa homa ya mapafu, akimwacha Fufa mwenye umri wa miaka 12. Weierstrass alizichoma moto barua zote alizokuwa ameandikiwa na mwanafunzi wake.

Kutoka pia hadi mawimbi

Kwa miaka mingi baada ya kifo chake, pia ya Kovalevskaya ilionekana kuwa kito kizuri kisicho na matumizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Édouard Husson alithibitisha kwamba hali nyingine ya jumla kama hizo tatu haipo, na somo likaonekana kufungwa. Kilicholifufua kilikuwa wimbi la maji.

Mwaka 1834 mhandisi John Scott Russell aliona katika mfereji karibu na Edinburgh, Scotland, fundo la maji likichomoka mbele ya mashua iliyosimama ghafla. Alilifuata akiwa juu ya farasi, nalo likaendelea na safari bila kupoteza umbo. Mwaka 1895 Waholanzi Diederik Korteweg na Gustav de Vries waliandika mlinganyo wa wimbi hilo, nao haukuwa wa mstari.

Mwaka 1965 Norman Zabusky na Martin Kruskal, kwa kutumia kompyuta nchini Marekani, waligundua kwamba mawimbi mawili ya aina hiyo yanapogongana hupenyana na kutoka yakiwa na umbo na kasi ileile. Wakayaita solitoni. Mwaka 1967 Kruskal pamoja na Clifford Gardner, John Greene na Robert Miura walipata njia ya kuutatua mlinganyo huo kikamilifu, na ikadhihirika kwamba siri ya ukaidi wa mawimbi hayo ni wingi wa viasi visivyobadilika, mfano wa kile cha nne ambacho Sofia alikipata katika pia yake.

Swali lililofuata lilikuwa lilelile la Sofia: kati ya milinganyo isiyohesabika, ipi inatatulika? Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mark Ablowitz, Alfred Ramani na Harvey Segur walipendekeza kipimo ambacho hutazama mahali jawabu linapopaa bila kikomo na kuhakikisha kwamba halijigawi. Kipimo hicho kimepewa jina la Mfaransa Paul Painlevé, aliyeiendeleza fikra hiyo karibu na mwaka 1900, lakini chimbuko lake ni kazi iliyoshinda tuzo mwaka 1888.

Mwaka 1989, miaka 100 baada ya kazi hiyo kuchapishwa katika Acta Mathematica, Alexander Bobenko, Alexei Reyman na Michael Semenov-Tian-Shansky waliionyesha pia ya Kovalevskaya kuwa na muundo uleule wa ndani ulio katika milinganyo ya solitoni. Vitu viwili vilivyofundishwa katika madarasa tofauti vilikuwa jamaa wa damu.

Leo shimo moja katika mwezi lina jina lake, na nyumba ya Palibino, ambayo sasa iko katika mkoa wa Pskov nchini Urusi, ni makumbusho. Chuo kilichompa kazi kimekuwa Chuo Kikuu cha Stockholm. Kaburi lake liko Solna, nje kidogo ya jiji hilo, katika nchi iliyomkubali kuwa mwalimu wakati ya kwake ilimkataa.